Pindo, mji na simu yenye ufa: ninavyosanifu tovuti

Kwenye meza yangu ya kazi kuna laptopu, daftari na simu ya Android ya bei nafuu yenye ufa kwenye kona ya kioo. Simu hiyo ndiyo yenye sauti ya mwisho. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, kwa makusudi, kwa sababu inafanana na zile wanazoshika watu watakaofungua kazi yangu: RAM ndogo, nafasi imejaa picha za WhatsApp, mwanga wa kioo umeshushwa ili chaji ifike jioni. Ukurasa ukipendeza kwenye laptopu lakini ukasuasua kwenye simu ile, kwangu bado haujaisha.

Wateja wangu ni wenye biashara ndogo: nyumba za wageni, saluni, maduka ya vipuri, shule za awali, mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Wadogo zangu wanaoanza kazi hii huniuliza, "Kaka, unatumia programu gani?" Nitazitaja, maana swali ni la haki. Ila uzoefu umenionyesha kwamba nikishajua nani atafungua ukurasa, akiwa wapi na kwa bando gani, sehemu kubwa ya maamuzi inakuwa imeshafanyika kabla sijafungua programu yoyote.

Kitu cha kwanza ninachopima ni uzito. Mtu anayenunua bando anazijua MB zake kama anavyoijua chenji iliyobaki mfukoni. Ukurasa wa MB 5 ukifunguliwa mara 100 umemaliza bando la MB 500. Ukurasa wa KB 500 unafunguliwa mara elfu moja kwa bando hilohilo. Karibu kila mara mzito ni picha. Picha ya simu ya kisasa huwa na upana wa pikseli kama 4,000 na uzito wa MB 3 au 4, wakati kioo cha simu nyingi za Android, kwa hesabu ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), kina upana wa pikseli 360 hivi. Naipunguza hadi upana wa 1,080, natengeneza na nakala ya 720, kisha naibana kwa Squoosh, programu ya Google inayofanya kazi ndani ya kivinjari (kama Chrome) bila picha kuondoka kwenye kompyuta yako. Nachagua WebP, aina nyepesi ya faili la picha, ubora wa 70 au 75, na picha ile ya MB 4 mara nyingi inashuka chini ya KB 150 bila macho kuona tofauti. WebP ilitolewa na Google mwaka 2010, lakini Safari, kivinjari cha Apple, iliipokea mwaka 2020 tu, ndiyo maana baadhi ya mafundi wa zamani bado wanaiogopa. Hakuna sababu tena.

Kisha nakiandikia kivinjari upana na urefu wa kila picha ndani ya HTML yenyewe, lugha inayoujenga ukurasa. Ni maneno mawili, lakini yanazuia jambo linaloudhi kuliko yote kwenye simu: unataka kubonyeza kitufe, picha ya juu inamaliza kupakia, ukurasa unaruka, umebonyeza kingine. Picha za chini ya ukurasa naziwekea `loading="lazy"` ili zisipakiwe mpaka mtu azifikie. Ile ya juu kabisa siiwekei, maana hiyo inatakiwa kuwahi.

Fonti, yaani maumbo ya herufi, nazo zina uzito. Nachagua moja ya vichwa vya habari, faili moja ya WOFF2 (fonti iliyobanwa kwa ajili ya tovuti), na maandishi mengine yote nayaachia fonti ya simu yenyewe. Naongeza `font-display: swap` ili maneno yasomeke hata fonti ikichelewa.

Kuna mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, Unguja, aliyeniambia, "Mwanangu, mbona ile ya majirani ina video inacheza yenyewe? Na mimi nataka bahari yangu icheze." Sikumbishia. Nilimwomba tutoke nje, mbali na Wi-Fi yake, afungue tovuti ya majirani kwa bando lake. Tukasimama kivulini. Kioo kikabaki cheupe, duara linazunguka. Baada ya muda akafunga simu. "Basi weka picha," akasema, "lakini iwe nzuri." Tukaipiga upya asubuhi, jua likiwa upande wa bahari, na picha ile moja imefanya kazi yote.

Kabla ya kuchora chochote naomba kuona meseji za WhatsApp anazopokea mwenye biashara, zile anazoona sawa kunionyesha. Humo ndimo ilimo menyu ya tovuti. Bei gani? Mko wapi? Mnafungua saa ngapi? Kwa nyumba ya wageni: kuna maji ya moto, kutoka bandarini ni nauli gani, boti ikichelewa mtanipokea? Maswali yanayojirudia ndiyo yanakuwa vichwa vya sehemu, kwa maneno yaleyale ya wateja. Ukurasa wa "Kuhusu Sisi" unaweza kusubiri, "Bei" hauwezi.

Swali la "mko wapi" linataka uangalifu wa peke yake. Ramani iliyopachikwa ndani ya ukurasa ni nzito, na watu wengi hapa hawaendi mahali kwa ramani. Wanaenda kwa kuulizia. Kwa hiyo naandika maelezo kama mtu angeyatoa kwenye simu: ukishuka kituoni, vuka barabara, ingia njia ya msikiti, geti la bluu mkono wa kushoto. Chini yake naweka kiungo cha Google Maps kwa anayetaka. Na namba ya simu siiandiki tu, naifanya ibonyezeke: kiungo cha `tel:` kwa kupiga, na cha `wa.me` kwa WhatsApp, kikianza na 255 bila sifuri, na ujumbe wa kuanzia umeshaandikwa ndani yake. Tangu nianze kuweka ujumbe huo, wenye maduka wananiambia hawapokei tena "mambo" tupu. Wanapokea "Habari, naulizia bei ya…" na mazungumzo yanaanzia mbele.

Tovuti za wateja wangu nyingi husambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata Google haijazijua. Ndiyo maana naipa heshima picha ndogo inayotokea kiungo kinapotumwa. Inawekwa kwa tegi (alama ya HTML) ya `og:image`, kipimo ninachotumia ni pikseli 1,200 kwa 630, na naisanifu peke yake: jina la biashara kwa herufi nene, rangi moja ya nyuma, basi. Msanifu akiisahau, kiungo kinaenda kundini kikiwa maandishi tu bila picha, na watu wanakipita.

Naandika kwa Kiswahili halisi tangu mchoro wa kwanza. Yale maneno ya Kilatini ya kujazia nafasi yanadanganya, kwa sababu kitenzi chetu kimoja hubeba sentensi nzima. Weka "Tutakapokuthibitishia" kwa herufi kubwa kwenye kioo cha pikseli 360 uone kinachobaki. Kwa vichwa natumia `clamp()` ili ukubwa wa herufi upande na kushuka kwa kufuata kioo, na `overflow-wrap: break-word` iwe kinga ya mwisho. Juu kabisa ya HTML naandika `lang="sw"`. Ukiacha `lang="en"` iliyokuja na kiolezo, programu inayowasomea wasioona inaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza, na huo ni ukosefu wa adabu kwa msomaji. Hata kile kikato (') cha ng'ombe na ng'ambo kina haki yake: kikague kwenye fonti uliyochagua kabla ya kuilipia, maana baadhi ya fonti hukipa nafasi pana mno na neno linaonekana limekatika vipande viwili.

Fomu zilinifundisha kusikiliza. Nilikaa nusu siku kwenye saluni moja ya Sinza kabla ya kuwatengenezea sehemu ya kuweka miadi. Simu zilikuwa zikiingia, dada wa mapokezi akijibu, "Saa nne? Sawa, dada yangu, saa nne asubuhi." Hakuna aliyesema saa kumi akimaanisha asubuhi. Sasa kile kichagua-saa kinachokuja bure na kivinjari kinaonyesha 10:00, au 4:00 na herufi mbili za Kiingereza zinazotenganisha asubuhi na jioni. Mteja mwenye haraka anachagua 4, na tofauti ya saa sita inaingia kwenye daftari la saluni. Tukakiacha kabisa. Badala yake kuna vitufe: Asubuhi, Mchana, Jioni; ukibonyeza Asubuhi vinatokea saa 2, saa 3, saa 4, saa 5. Nyuma ya pazia mfumo unahifadhi 10:00, na ujumbe wa kuthibitisha unaandika zote mbili, "saa 4 asubuhi (10:00)", kwa sababu kengele ya simu ya mteja inasoma 10:00. Ningependa kila anayetengeneza ratiba za mabasi, boti au zahanati alifikirie jambo hili kwa uzito, maana pale kosa la saa sita linamkosesha mtu safari au daktari.

Majina vilevile. Visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo, vinawabana watu wengi wa pwani ambao majina yao ni lao, la baba na la babu. Kisanduku kimoja, "Jina kamili", kinatosha. Namba ya simu ipokelewe ikiwa imeanza na 0, 255 au +255, yenye nafasi au isiyo nazo. Kusafisha namba ni kazi ya programu, asipewe mteja. Andika `type="tel"` ili kibodi ya namba itokee yenyewe. Barua pepe usiilazimishe. Herufi za ndani ya visanduku zisiwe chini ya pikseli 16, la sivyo iPhone inaukuza ukurasa mzima kila mtu anapogusa kisanduku. Na vitufe viwe na urefu wa pikseli 48, kipimo ambacho miongozo ya Android yenyewe inapendekeza, kwa sababu watu wanabonyeza wakiwa kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba.

Programu, kama nilivyoahidi. Figma naitumia kwa kuonyeshana mawazo na wateja, maana inafunguka kwenye kivinjari na mtu anaweza kuweka maoni palepale. Penpot inafanya kazi ya karibu sana na hiyo, ni ya wazi na bure, na unaweza kuiweka kwenye seva yako. Mtandao ukikata, Inkscape, programu ya kuchora, iko ndani ya kompyuta. Kodi za ukurasa naziandika kwa VS Code. Nyaraka za HTML na CSS nimezihifadhi kupitia DevDocs, ambayo inakubali kusomwa bila intaneti. Umeme ukikatika, betri ya laptopu na DevDocs vinanifikisha mbali. Lakini sichori sana. Tangu CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari, iingie kwenye vivinjari vikubwa mwaka 2017, mpangilio mwingi ni mwepesi kuuandika kuliko kuuchora, na mwenye duka anaelewa zaidi akishika ukurasa halisi kwenye simu yake.

Kifaa ambacho nashangaa wengi hawakitumii ni `chrome://inspect`. Unaunganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, unafungua anwani hiyo kwenye Chrome, na ukurasa ulio kwenye simu unauona na kuukagua kutoka kwenye laptopu. Unaweza hata kuifanya simu isome tovuti iliyo ndani ya kompyuta kupitia waya uleule, bila kutumia hata KB moja ya bando. Kwa wasio na simu ya pili, Chrome inaweza kuiga mtandao wa 3G na kupunguza kasi ya kompyuta, na Lighthouse iliyomo ndani yake itakuonyesha kilichochelewesha. Mimi bado naamini zaidi simu yenyewe, jua likiwa juu yake.

Menyu nazitengeneza kwa `details` na `summary`, vitu vya HTML yenyewe, bila JavaScript (lugha ya kuongeza vitendo kwenye ukurasa). Kivinjari cha Opera Mini, kikiwa katika hali yake ya kubana data kupita kiasi, hupitisha ukurasa kwenye seva zake kwanza, na menyu nyingi za kisasa zinakufa humo. Kwa hiyo bei, simu na mahali zinakaa wazi kwenye ukurasa, hazifichwi ndani ya menyu yoyote.

Sasa mtindo, na hapa naomba nikae, kwa sababu moyo wangu uko hapa. Wengi wakitafuta mawazo hufungua Dribbble, Behance au Awwwards, tovuti ambako wasanifu huonyesha kazi zao. Hata mimi hufungua, kuna kazi za kupendeza mle na jicho linajifunza. Lakini ukitazama huko tu, tovuti ya muuza dagaa wa Mwanza itafanana na ya kampuni ya programu ya San Francisco: kichwa kikubwa katikati, vitufe viwili, zambarau inayofifia kuelekea bluu. Muuza dagaa anastahili sura yake.

Mimi huenda kutazama kanga. Maduka ya Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, yamezitundika ukutani zikiwa wazi, na ukisimama mbali kidogo unaona usanifu mkali kuliko wa kurasa nyingi. Pindo limezunguka pande zote nne. Mji uko katikati. Jina, yaani maandishi, limekaa sehemu ya chini ya mji. Kila sehemu ina kazi yake na haiingii eneo la mwenzake. Rangi ni chache na bapa, zimetofautiana vya kutosha kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Jina ni sentensi moja fupi, na kila mtu anaisoma. Hata saini ya mwenye mchoro inajua kukaa kidogo: kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza mwaka 1887, zinatambulika kwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla", maandishi madogo yasiyogombea nafasi na jina.

CSS inajua pindo. Kuna kitu kinaitwa `border-image`: unaipa mchoro mmoja, inaukata vipande tisa, yaani kona nne, pande nne na katikati. Kona zinabaki zilivyo, pande zinaweza kurudiwa mpaka zijaze urefu wowote. Ukiandika `border-image-repeat: round`, kivinjari kinarekebisha ukubwa wa ua ili lisikatwe nusu mwishoni, jambo ambalo mtazamaji wa kanga angelikugombeza kwalo. Nachora korosho moja na kona moja kwenye Inkscape, nahifadhi kwa SVG (faili ya mchoro usiopoteza umbo ukikuzwa), faili haizidi KB chache. Pindo hilo linazunguka ukurasa wa simu na wa laptopu bila kupoteza umbo, kwa uzito mdogo ambao picha ya nyuma isingeweza kuufikia. Sichukui picha ya kanga iliyopo, kwa sababu mchoro ule una mwenyewe. Korosho, nukta na nyota ni maumbo ya wote. Naanzia hapo na mkono wangu.

Na si lazima maua yaonekane. Tovuti ya duka moja la vipuri ilikuwa na mpangilio huohuo bila ua hata moja. Pindo lilikuwa ukanda wa juu na wa chini wenye simu na mahali, mji ukawa orodha ya vipuri, na jina likawa sentensi moja: "Vipuri vya Toyota vilivyotumika, tunafunga hapahapa." Mwenye duka aliitunga mwenyewe, na sijaona haja ya kuigusa.

Tingatinga nako kuna somo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za bei nafuu, na uchache wa rangi ukawa ndio mtindo wenyewe. Vibao vya maduka vilivyochorwa kwa mkono, vyenye herufi nene na kivuli upande mmoja, vimenifundisha vichwa vya habari kuliko kozi yoyote.

Rangi hizo lazima zipite kipimo. Mwongozo wa WCAG, unaohusu tovuti kutumika na watu wote, hata wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na nyuma yake kwa 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana, kinatoa chini ya 3. Ukishuka hadi #767676 ndipo unaifikia 4.5 na chembe. Chrome inakuonyesha hesabu hiyo ukibonyeza rangi yoyote kwenye DevTools, zana zake za ukaguzi. Kwa kuwa watu wanasoma juani na mwanga wa kioo umeshushwa, mimi natafuta 7. Nyeusi ya kanga juu ya njano inaipita bila shida. Nyeupe juu ya njano haifiki popote.

Kazi ikikaribia kwisha, naitoa simu yangu yenye ufa nampa mtu asiyehusika, mara nyingi dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, nikimwomba anitafutie bei ya kitu fulani. Simsaidii. Naangalia kidole kinakwenda wapi. Kikisita, pale ndipo pa kurekebisha. Wakiwa hata watatu tu, wanaonyesha mengi.

Makabidhiano nayo ni sehemu ya usanifu. Domeni, yaani anwani ya tovuti, inaandikishwa kwa jina la mwenye biashara, na nywila zinaandikwa kwenye daftari lake, siyo kwangu. Nawahimiza wenzangu wafanye hivyo, kwa sababu nimekutana na wafanyabiashara waliopoteza tovuti baada ya fundi kuhama mji na funguo zote. Kisha nakaa na mwenyewe mpaka abadilishe bei moja kwa simu yake, bila mimi kugusa. Akikwama, narekebisha ukurasa wa kuhariri na tunarudia. Mama wa Jambiani alianza na bei ya chumba kwa msimu wa masika, halafu akaongeza sentensi yake: kwamba maji yakipwa bahari inakwenda mbali sana, na anayetaka kuogelea asubiri yajae. Nilipoisoma niliipandisha juu, chini kidogo ya ile picha ya asubuhi, kwa sababu ndilo swali ambalo wageni walikuwa wakimuuliza kila siku.